Mchimba Makaburi Avusha Ujumbe

Jumatatu, 3 Juni
Mafuriko yamebeba daraja na mnara wa simu. Ofisi imenuna. Mimi nina dawa! Simu zipokezane ujumbe watu wanapokaribiana, mfuko kwa mfuko, bila mnara. Mashine yangu itajifunza nani hukutana na nani, kisha ichague mbebaji. Bosi ameguna. Akiguna amekubali.

Nina yangu pia. Mke wangu yuko ng'ambo ya mto kwa mama yake, na siku zake za kujifungua zimefika. Aliondoka amekasirika, kisa mipango yangu. Kajifungua au bado? Roho inaniuma.

Jumanne, 4 Juni
Mbebaji mkuu nimempanga kinyozi. Nani asiyemjua? Wapi! Ujumbe mia mbili umefika kwake ukatulia. Wateja wake ni walewale wa upande huu. Karani wetu, tunayemwita Miwani, amecheka hadi machozi. Ngoja tu, atanitambua.

Jumatano, 5 Juni
Mashine imechagua yenyewe: mchimba makaburi. Ana mtumbwi, anazika pande zote mbili, na hana rafiki hata mmoja. Watu humkwepa, simu zao hazimkwepi. Ujumbe umevuka! Bosi kanipa mkono.

Mashine hutabiri pia atakutana na nani kesho. Imesema fundi saa, saa tatu, nyumbani kwake. Ajabu, maana fundi mwenyewe leo alikuwa mzima, kanitania kuhusu viatu vyangu.

Alhamisi, 6 Juni
Fundi saa amefariki alfajiri. Saa tatu mchimba alikuwa kwake, anaulizia urefu wa marehemu. Nimejiambia ni sadfa.

Nimefungua utabiri wa kesho. Saa nne, ng'ambo, simu ya mke wangu.

Ijumaa, 7 Juni
Sikulala. Asubuhi nimemwita mchimba ofisini, nikampa chai, nikamuuliza habari za udongo. Kanijibu yote kwa upole huku akitazama saa. Nimemng'ang'ania hadi saa saba! Akashukuru kwa chai, akasema kuna watu wanamsubiri. Saa nne imepita salama. Mimi si mchezo.

Jumamosi, 8 Juni
Ujumbe wa mke wangu umefika, kupitia simu ya mchimba:

"Mama amefariki. Jana tumekaa na maiti hadi jioni, mchimba anasema ulimzuia kwa chai. Mwanao ana siku nne, ni wa kike. Njoo Jumatatu na mtumbwi wake, au usije tena."

Nimelia kama mtoto. Mchimba alisimama mlangoni akingoja nimalize. Amesema nafasi ipo, anaondoka saa moja asubuhi.

Jumatatu, 10 Juni
Sikwenda. Bosi alileta wageni kuiona mashine, na ningemwachia nani, Miwani? Mke wangu nimemwandikia jibu la kurasa tatu, tamu kweli. Ataelewa.

Nimeiuliza mashine nani ataliwahisha. Imejibu: mchimba makaburi, kesho saa tatu, nyumbani kwangu. Huyu bwana ana moyo! Anafuata jibu mwenyewe, wala sijamwita. Mlango nitauacha wazi, asihangaike kubisha.