Mvuvi Mpweke wa Lambo la Issuna

Jumatatu, 6 Aprili 2020

Lambo limefungwa! Si kwa ng'ombe. Si kwa wachota maji. Kwangu.

Faith, mtendaji wetu wa kijiji, amepita asubuhi na kipaza sauti nyuma ya bodaboda. Kwa sababu ya korona kamati imeamua: kunywesha mifugo ruksa, kuchota maji ruksa, kukaa lamboni kwa burudani marufuku. Akataja uvuvi wa ndoano waziwazi. Nilikuwa mlangoni, ufito wa ndoano mkono mmoja, kopo la minyoo mkono wa pili. Bodaboda ikapunguza mwendo mbele yangu. Nimehisi kusemwa.

Niandike kwa utaratibu, maana atakayelikuta daftari hili anaweza asielewe uzito wa jambo. Mimi ni Mwalimu Simeoni, Mnyiramba, mstaafu, miaka sabini na moja. Nimezaliwa bondeni, ukishashuka mteremko wa Sekenke, kando ya Ziwa Kitangiri. Mwaka 1974 yalikuja malori ya serikali, tukahamishiwa kijiji cha ujamaa. Tulipewa viwanja vilivyonyooka kama mistari ya daftari, kilomita kumi na mbili kutoka kwenye maji. Mwaka uliofuata nikapangiwa kufundisha hapa Issuna. Sijarudi. Ziwa langu sasa ni lambo: urefu hatua mia mbili na kumi, upana hatua tisini, kina hutegemea mvua na ng'ombe. Hukaa pale saa mbili kila siku. Ukifinya macho hadi ng'ambo isionekane, ni ziwa.

Saa mbili hizo ndizo walizofunga.

Baya zaidi: Mughwai yumo kwenye kamati! Mughwai, mhudumu mstaafu wa josho, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kuvua mwaka 1981, wakati bado anawaita samaki nyoka wenye mapezi. Miaka yote hii tunakalia gogo moja. Naye amepiga kura ya kufunga. Msaliti.

Jumanne, 7 Aprili

Sikukuu ya Karume. Ofisi imefungwa. Nimempelekea Faith hoja zangu nyumbani. Hoja kumi na mbili, kurasa nne, mwandiko wa ubaoni. Hoja ya kwanza: kanisa wazi, msikiti wazi, mnada wazi, na perege hajaambukiza mtu. Hoja ya tatu, ambayo ndiyo nguzo: mvuvi wa ndoano ni mtu mpweke kuliko wote duniani, kwa kuwa akimkaribia mwenzake samaki hukimbia. Hoja ya tisa inahusu hewa. Hoja ya kumi na mbili inarudia ya tatu kwa msisitizo.

Alikuwa anafua. Akaniamkia kutoka hatua nne, akafuta mikono, akasoma kurasa zote amesimama. Akasema hoja zimepangika, na mama yake, niliyemfundisha darasa la nne, atafurahi kusikia bado naandika. Ila akauliza mvuvi wa hoja ya tatu ni nani. Wiki iliyopita yeye alituona, mimi na Mughwai, magoti yamegusana, kikopo kimoja cha ugoro, unga unatoka kiganja hiki kwenda kile, tunapiga chafya kwa zamu.

“Babu, pale hamvui. Pale mnaongea.”

Nikamweleza kuwa hiyo ni sehemu ya uvuvi.

Akasema kamati inakaa tena Jumamosi. Itaamua moja kati ya mawili: uvuvi uruhusiwe kwa masharti, au wavuvi wapigwe marufuku mpaka ugonjwa uishe na matete yote yafyekwe, pasiwe na pa kujificha. Inategemea watu watakavyotulia wiki hii. Aliposema watu alinitazama mimi.

Siku nne. Nimekosa ziwa miaka arobaini na sita. Siku nne ni nini?

Jumatano, 8 Aprili

Siku nne ni nyingi mno.

Mpango! Tangazo limesema kunywesha mifugo ruksa. Kwa hiyo ninachohitaji si ruhusa, ni ng'ombe. Nimeazima mmoja kwa jirani yetu mjane, Klara. Klara akauliza tangu lini Mnyiramba akawa mchungaji. Nikamjibu tangu leo. Ufito wa ndoano, ukizungushiwa mshipi vizuri na ndoano ikachomekwa kwenye kizibo, hauna tofauti na fimbo ya kuswagia. Chambo: ugali wa mtama, mfukoni.

Mahesabu yalikuwa haya: ng'ombe anayekunywa kwa raha zake huchukua saa nzima. Kumbe! Huyu alikunywa dakika nne kwa saa yangu, akageuka kwenda nyumbani. Nikamsihi. Nikampigia mluzi kama wafanyavyo wachungaji. Labda nilipiga mluzi wa maana nyingine, kwa sababu alinijia mbio, akaingiza mdomo mfukoni mwangu, akala chambo chote na kipande cha leso. Nilipojaribu kuokoa leso, mshipi ukajizungusha kwenye pembe. Akaondoka. Mimi nikiwa mwisho wa mshipi.

Njia ya kwa Klara hupita mbele ya kwa Mughwai. Alikuwa kibarazani. Hakuinuka. Akauliza tu, kwa sauti ya kusikika mpaka dukani: “Mwalimu, huyo samaki umemvua wapi?”

Watu wanne wamecheka. Nimewaandika majina kwenye jalada la nyuma.

Alhamisi, 9 Aprili

Agripina, mke wangu, ameongea. Huwa haongei sana, kwa hiyo akiongea huwa amekwisha kupiga hesabu. Amenikumbusha kifua chake. Mwaka jana nimonia ilimlaza wiki tatu. Akauliza kama nitamletea ugonjwa humu ndani kwa ajili ya perege wa ukubwa wa kijiko. Nikasema si kijiko, ni upawa. Akasema basi nikavue kwenye karai.

Nimekasirika sana. Haya si maneno ya kumwambia mtu wa ziwani.

Saa nne nilikuwa nyuma ya jiko na karai.

Niwe mkweli: hakuna kilichouma. Agripina akaleta chai, akakaa upande wa pili. Akauliza taratibu, ninachokililia ni samaki au ni Mughwai. Nikamwambia wote wawili wamenisaliti. Ninachokililia ni maji. Kwetu Kitangiri, alfajiri, maji yanapiga tope la ukingoni: chap, chap, kimya, chap. Karai halina sauti hiyo. Lambo linayo, upepo ukitoka mashariki.

Hakucheka. Alinyoosha mguu, akalisukuma karai kidogo. Mara tatu.

Nilikaribia kumwahidi kwamba nitatulia mpaka Jumamosi. Nilikaribia sana.

Ijumaa Kuu, 10 Aprili

Upepo wa mashariki!

Na kijiji chote kanisani, na ibada ya leo haijawahi kuisha kabla ya saa tisa. Nilimwambia Agripina naelekea kanisani. Ni kweli nilielekea. Njia inagawanyika kwenye josho. Nilivaa koti, kofia ya pama na barakoa ya kitenge mpaka chini ya macho. Hata mimi nisingejitambua. Nikaingia katikati ya matete, maji kwenye vifundo, nikatupa ndoano.

Saa mbili kamili za pepo. Chap, chap, kimya, chap. Perege wawili, tena wa upawa. Nikafinya macho na ng'ambo ikatoweka.

Kisha nikasikia viatu kwenye tuta. Faith! Kumbe hakwenda kanisani, anazunguka kukagua. Nikaganda. Nikawaza: akitafuta, hataniona, akitisha, sitajibu, akiita jina langu, mimi si huyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu.

Hakutafuta. Hakutisha. Alisimama juu ya tuta, akayatazama matete, akasema kwa heshima zote: “Shikamoo!”

“Marahaba, mwanangu! Hujambo? Mama hajambo?”

Ilitoka yenyewe. Mtu afanyeje? Salamu imetolewa! Nimeishi miaka sabini na moja bila kuiacha shikamoo ya mtu ikianguka chini, siwezi kuanza Ijumaa Kuu. Lakini sikiliza haya. Kabla sijauma mdomo, nilisikia marahaba ya pili. Nzito, yenye mkwaruzo wa ugoro, kutoka kwenye matete ya kushoto kwangu.

Mughwai! Mjumbe wa kamati! Na ndoano iko majini!

Nilimwita mnafiki. Akaniambia nisiingilie, salamu ilikuwa yake, yeye ndiye mkubwa. Nikamwambia mimi ni wa Februari, yeye alizaliwa watu wakivuna, mama yake mwenyewe alinithibitishia. Akasema mwaka wa nyuma, siyo huo. Tulibishana kwa muda, tukiwa tumesimama majini, mpaka Faith akatuomba tutoke, mmoja mmoja, kila mtu na ndoano yake.

Akahesabu hatua kati ya mahali nilipokuwa na mahali alipokuwa Mughwai. Sijui kwa nini. Thelathini na moja. Akatuaga, akaondoka. Nina hofu. Nadhani nimelifunga lambo kwa mikono yangu mwenyewe, au kwa ulimi.

Jumamosi, 11 Aprili

Kikao. Nje ya ofisi, viti vimetenganishwa kama vya mtihani wa darasa la saba.

Mughwai akaulizwa kwanza. Akasema alikuwa doria. Mwenyekiti akauliza doria ya ndoano? Akasema doria ya siri. Nikacheka kwa sauti. Nikaambiwa zamu yangu ipo.

Mjumbe mmoja akasema mapanga yapo, matete yafyekwe leo leo. Wengine wakaitikia. Nikaanza kusoma hoja ya kwanza. Nikaombwa nikae.

Ndipo Mughwai akasimama tena, bila kuitwa. Alisema, akiiangalia kofia yake, kwamba alipiga kura ya kufunga kwa sababu moja. Akikaa gogoni na Mwalimu, Mwalimu atamnyooshea kiganja cha ugoro. Hajawahi kukikataa kiganja kile tangu mwaka 1981. Kukikataa ni tusi. Kukipokea, siku hizi, ni hatari, na nyumbani kwa Mwalimu kuna mtu mwenye kifua. Akaona afadhali sheria ikatae kwa niaba yake.

Niliangalia viatu vyangu. Cha kushoto kinahitaji kamba.

Kisha Faith. Akasema jana aliwakuta wazee wawili lamboni. Wamekaa saa mbili, hatua thelathini na moja kati yao, na hakuna aliyejua mwenzake yupo. Hakuna ugoro, hakuna chafya, hakuna neno. Kumbe inawezekana, akasema. Akapendekeza: ndoano iruhusiwe, mtu mmoja kwa siku kwa kila kitongoji, peke yake. Akasema amelitoa wazo hilo kwenye hoja ya tatu ya Mwalimu.

Limepita! Mimi na Mughwai ni wa kitongoji kimoja, kwa hiyo tunapokezana: kesho mimi, Jumatatu yeye. Nimeshinda. Matete yamepona. Nimemwambia Agripina kuwa maandishi yana nguvu. Akasema amesikia pia habari za marahaba.

Jumapili ya Pasaka, 12 Aprili

Siku yangu. Lambo lote langu. Gogo lote langu. Halali kabisa, bila barakoa wala ng'ombe.

Saa tatu na dakika kumi: kambale! Kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko, na vidole vinne zaidi. Mkubwa kuliko wote tangu mvua za 1998. Nikageuka kushoto kumwonyesha Mughwai ili aumie.

Gogo.

Niliyasema maneno niliyokuwa nimemwandalia, kwa sababu yalikuwa mazuri. Hayakumuumiza mtu. Upepo ulikuwa wa mashariki, maji yalisema yote yanayosema, na mimi nilikuwa naangalia saa. Nimerudi nyumbani baada ya dakika arobaini. Agripina akanishika paji la uso akidhani nina homa.

Jumatatu, 13 Aprili

Zamu ya Mughwai. Nimemtazama kutoka uani. Saa tatu na nusu amevuta kitu, sikuona ukubwa, lakini nilimwona akigeukia kulia, akafungua mdomo, akaufunga. Akaondoka kabla ya saa nne.

Hali hii haivumiliki. Lakini nimeisoma tena sheria, neno kwa neno. Inasema mtu mmoja kwa kila kitongoji. Haisemi mtu mmoja kwa lambo! Na ng'ambo ya maji ni kitongoji kingine, ambako hakuna hata mtu mmoja anayevua. Kwa hiyo Mughwai akiwa mkazi wa ng'ambo, tunavua sote wawili, kila siku, hatua tisini kati yetu, kihalali. Hatua tisini mtu anaonekana vizuri. Kambale anaonekana. Matusi yanasikika.

Klara ana banda tupu upande ule, lililoachwa na marehemu mumewe. Nimelipima: hatua tatu kwa nne, bati zima, harufu ya kuku imebaki kidogo. Amekubali. Aliuliza kama Mughwai anajua. Nikamwambia mambo huenda kwa utaratibu. Nimechora ramani: kitanda hapa, redio pale, kiti kikitazama maji. Mkokoteni wa ng'ombe unakuja kesho saa moja asubuhi, na watu wawili wa kubeba.

Atalalamika, namjua. Atataja nyumba yake, miti aliyoipanda, kaburi la baba yake. Majibu ninayo. Kuhama ni jambo dogo. Mtu huumia wiki ya kwanza tu, kisha huzoea. Mimi bado, lakini mimi ni mtu wa ziwani.

Kila kitu kimepangwa vizuri sana. Kilichobaki ni kumwarifu Mughwai.