Bafu la Mawe la Endarasha

Moffat Gatimu hakuwa mwizi. Wezi huvunja milango, na Moffat tangu azaliwe hakuwa amevunja hata kikombe. Yeye alifunguliwa milango, akakaribishwa chai, akasindikizwa hadi barabarani. Siku kadhaa baadaye ndipo wenyeji walipoanza kuulizana walikuwa wamemshukuru kwa lipi hasa.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, walowezi wa Kieni walipokuwa wakiuza mashamba na kurudi kwao mmoja baada ya mwingine. Asubuhi moja Moffat aliingia katika duka la Ashok mjini Nyeri, duka la mabomba, misumari na saruji. Hakuja kununua kitu. Nje kulikuwa na baridi, na dirisha la Ashok lilipata jua zuri. Alimkuta mwenye duka akigombana na simu.

"Hakuna! Nimesema hakuna!" Ashok aliitua simu kwa kishindo. "Huyu mtu wa hoteli ya Nanyuki ataniua, Moffat. Anataka karai za kuogea za wazungu, zile za zamani. Chuma nzito, nyeupe ndani, miguu kama ya simba. Ati wageni wake wanazipenda. Sasa mimi nitatoa wapi? Siku hizi hakuna anayeleta."

"Na mtu akikuletea?"

"Akileta moja nitanunua. Akileta kumi nitanunua. Nitamlipa mpaka aone haya."

Moffat hakuwa amewahi kuona haya, lakini alijihisi tayari kujaribu.

Mahali zilipokuwa alipajua. Kila nyumba ya mlowezi kule Kieni ilikuwa na hodhi la namna hiyo, na sasa wenye nyumba walikuwa wakulima waliolitumia kuloweka mbegu za viazi au kuoshea kondoo. Tatizo lilikuwa moja tu. Mkulima wa Kieni ukimwambia unataka kitu chake, hata kama ni kiatu kisicho na soli, papo hapo kinakuwa urithi wa babu. Basi ilibidi mtu alionee aibu hodhi lake mwenyewe, aombe liondolewe, na ashukuru likiondoka.

Moffat alilitafakari jambo hilo kwa uzito unaostahili, yaani kwa muda wa chai moja na mandazi. Kisha akatafuta gazeti kuukuu la picha za majumba ya ng'ambo, akavaa suti ya kijivu, akajipa cheo. Kuanzia siku ile alikuwa Mhandisi wa Mwanga na Mawe.

Wa kwanza alikuwa Mzee Mutahi wa Mweiga, mtu ambaye jirani akinunua ng'ombe yeye hakulala mpaka anunue wawili.

"Mzee," Moffat alimwuliza kwa sauti ya chini, kama anayemwulizia mgonjwa, "bado mnaoga kwa chuma?"

"Kwani watu wanaoga na nini?"

Moffat alifungua gazeti, akatikisa kichwa kwa huruma. Alieleza kwamba huko Ulaya chuma kimetupwa. Watu wakubwa wanaoga juu ya mawe ya mto, kati ya kuta za mbao, na jua likiwashukia kutoka juu. Chuma, alisema, hunyonya nguvu za mwili. Mzee Mutahi alijipapasa mkono na kweli akahisi kama umepungua. Jioni ile hodhi lilikuwa limeshaondoka, na mahali pake palikuwa na lundo la mawe pamoja na agizo kwamba yaachwe yapumzike, yaizoee nyumba kwanza. Mzee aliyaacha yapumzike. Kwa habari nilizo nazo, bado yanapumzika.

Ashok alilipa vizuri, na Moffat, mfuko ukiwa mzito na moyo mwepesi, akaelekea Endarasha.

Huko aliishi Mama Ngendo, mjane aliyejenga mali yake kwa mayai na viazi, akanunua nyumba ya mlowezi kwa bei ambayo mlowezi mwenyewe hakuelewa ilishukaje. Moffat alimkuta barazani akifuma sweta.

"Habari yako, mama. Nimetumwa na dunia mpya."

"Karibu, mwanangu. Hiyo dunia imekutuma bila koti? Hapa ni baridi. Ingia."

Bafu lake lilikuwa chumba cha giza upande wa kivuli, dirisha dogo kama la jela, na hodhi la chuma lililopoza maji ya moto kabla mtu hajavua viatu. Moffat alisema maneno yake yote: mawe, mbao, mwanga. Aliyasema vizuri kuliko kule Mweiga. Aliongeza hata harufu ya mbao za mtarakwa.

"Mawe ya mto, mama, yamekaa na maji tangu Mungu aumbe dunia. Nani anajua maji kuliko jiwe?"

Mama Ngendo, aliyekuwa amekuja na sweta yake mkononi, aliacha kufuma. "Hiyo ni maneno ya kweli. Na hii karai?"

"Hiyo nitakuondolea bure. Hata lori nitaleta mimi."

"Aaah. Wewe uko na roho nzuri." Alimtazama kwa muda. "Lakini mimi niko na karai tatu. Hii, ya wageni, na ya nyumba ya meneja kule chini."

Moffat alikohoa, maana mate yalikuwa yamempita njia isiyo yake.

"Sasa sikia, mwanangu. Mimi ni mjane, sitaki kukaa bila mahali pa kuoga. Wewe nijengee kwanza hiyo bafu ya mawe, na vitu utoe mwenyewe, mimi sina kitu. Nikioga nikaridhika, utazibeba zote tatu mpaka Nyeri. Sitakuzuia."

Mtu mwingine angekataa. Lakini tamaa ina hesabu zake, na katika hesabu za Moffat mahodhi matatu yalimeza gharama zote na kubakisha suti mpya. Akakubali.

Alimwajiri mwashi mmoja, Wamae, mtu wa maneno machache, akadhani ataketi kivulini na kuelekeza. Haikuwa hivyo. Kila jioni Mama Ngendo alikuja kukagua, na kila jioni alimkumbusha mhandisi maneno yake mwenyewe.

"Ulisema mawe laini. Hili linaniuma mguu."

"Ulisema jua litoke juu. Mimi naona mabati."

"Hiyo mbao hainuki chochote, mwanangu. Ulisema mtarakwa."

Moffat alishuka mtoni, mto baridi unaotoka Nyandarua, suruali ikiwa imekunjwa, akachagua mawe moja moja. Alinunua mbao za mtarakwa kwa fedha za hodhi la Mutahi. Alitoboa paa, akaweka kioo kinene, na mvua ya kwanza ilipovuja akapanda tena kuziba. Mkono wake, ambao haukuwa umeshika kitu kizito kuliko kalamu, ulitoka malengelenge. Siku moja Mama Ngendo alifunga kitambaa kizuri kichwani, akasema anakwenda Nyeri kutafuta pazia, akarudi jioni akiwa mchangamfu kuliko kawaida. Pazia halikuonekana, lakini Moffat alikuwa juu ya paa na hakuuliza.

Kazi iliisha asubuhi ya anga safi. Wamae alikusanya vifaa vyake, akatazama ndani, akasema, "Imetoka vizuri," akaenda zake. Moffat alibaki peke yake. Alimwaga ndoo ya maji ya moto sakafuni ili aone kama yatateremka vizuri hadi kwenye bomba.

Maji yaliteremka. Mvuke ulipanda, na jua likashuka kutoka kwenye kioo likakutana nao katikati. Mawe yaliyokuwa ya kijivu yaligeuka meusi, mekundu na ya kijani, kila moja na rangi yake. Mbao zilipopata joto zilitoa harufu kama ya msitu baada ya mvua. Moffat alikaa juu ya kibao. Uongo wake wote, alioutunga kwa chai na mandazi, ulikuwa umesimama mbele yake ukitoa mvuke, na ulikuwa mzuri. Alikaa pale muda mrefu kuliko alivyokusudia. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni mtu wa biashara, akaenda kuita lori.

Mama Ngendo alioga, akaimba nyimbo za kanisa beti zote, akatoka uso uking'aa.

"Nimeridhika. Beba."

Wanaume wa kijijini waliyatoa yale mahodhi kwa kelele na nyimbo. La tatu liligoma mlangoni, ikabidi mlango ung'olewe, nao Moffat aliurudisha kwa gharama yake. Barabara ilikuwa tope mpaka Mweiga, na hapo Moffat alijiinamia ndani ya lori asionwe na Mzee Mutahi. Walifika Nyeri mchana. Ashok alitoka dukani mikono ikiwa wazi.

"Moffat! Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi. Tatu, Ashok. Miguu ya simba, yote kumi na miwili. Sasa nilipe mpaka nione haya."

"Haya gani?" Ashok alikuwa akikagua mzigo wake kwa furaha. "Si nimeshalipa? Yule mama wa Endarasha alikuja hapa, akauliza nani ananunua karai za chuma. Tukaelewana, nikampa pesa yake taslimu. Nikamwuliza, na nani ataleta? Akasema usijali, niko na kijana wangu, mhandisi, ataleta na lori yake." Akageukia ndani. "Ngoja nikufungulie soda. Umechoka."

Moffat aliinywa ile soda. Mtu anaweza kukosa vyote, lakini soda ya bure haikataliwi.

Kesho yake alirudi Endarasha akiwa na hotuba kali. Aliifanyia mazoezi njia nzima, lakini alipofika barazani aligundua ina kasoro moja: haikuweza kusemwa bila kueleza yeye mwenyewe alitaka kuyafanyia nini yale mahodhi.

"Mama," alianza, "zile karai..."

"Nilikuambia utazibeba mpaka Nyeri. Hukuzibeba?"

"Nilizibeba."

"Nilikuzuia?"

"Hukunizuia."

"Basi." Mama Ngendo alihesabu mishono ya sweta yake. "Mtu anayetupa kitu, mwanangu, haendi kukipapasa mgongo kila jioni kama anayenunua mbuzi. Nikasema, wacha nikaulize mjini. Kaa chini. Kuna mgeni anakutafuta."

Mgeni alikuwa ndani ya bafu, na alipotoka nywele zake zilikuwa bado zina maji. Aliitwa Kabura, mwenye nyumba ya wageni Kerugoya aliyefuata sifa za bafu hilo, mwanamke mnene mwenye macho yasiyodanganyika kwa urahisi. Alimtazama Moffat kutoka kichwani hadi kwenye malengelenge.

"Wewe ndiye fundi? Nataka kama hii. Hii hii. Lakini niambie ukweli, ni kweli huko Ulaya watu wakubwa wanaoga hivi?"

Moffat alifungua kinywa, na maneno yote ya gazeti yakaja yakajipanga. Kisha akachoka. Alichoka kwa ghafla, mabega na magoti, kama mtu aliyebeba mawe kwa wiki nyingi, na kweli alikuwa ameyabeba.

"Mama, mimi sijafika Ulaya. Sijafika hata Mombasa. Nilitunga."

Mama Ngendo aliinua macho kutoka kwenye sweta. Kabura alimkodolea Moffat, kisha akacheka mpaka akashika nguzo.

"Nimedanganywa na mafundi kumi, na wote walitoka Ulaya. Huyu ndiye wa kwanza aliyetoka hapa. Utaanza lini?"

"Ataanza Jumatatu," Mama Ngendo alisema kabla Moffat hajapumua. "Na malipo ya kwanza utaacha kwangu. Huyu kijana wangu hajui kushika pesa."

Moffat aliwatazama wote wawili. Alitafuta mahali pa kupinga, akakuta wanawake wameshaanza kubishana juu ya bei kama vile yeye hayupo. Basi akainama, akavua viatu na soksi, akakunja suruali.

"Unaenda wapi?" Kabura aliuliza.

"Mtoni. Mawe mazuri hayapatikani siku moja, mama. Na hayo ya kwenu Kerugoya siyaamini mpaka niyaone."

Akashuka kilima miguu mitupu, kwenye umande, akilalamika peke yake juu ya watu wanaotaka sakafu nzuri bila kuuliza jua linaingilia upande gani.