Viatu vya Mzee Elijah

Jumatatu, 3 Agosti 1964

Nimepata mpango! Kanisa letu limeezekwa mabati mapya, linafunguliwa Jumapili. Mzee Elijah, mzee wa kanisa, anatafuta picha moja ya kutundika ukutani. Na Mzee Elijah ndiye baba yake Truphena! Huwa anauliza watu mwanamume gani huyu anashinda kainamia kisanduku cha kamera kama anakitoa chawa. Asubiri tu. Picha yangu ikitundikwa, nitatuma jagam, mshenga wetu, kwenda kuposa, na hatafukuzwa.

Shida ni Mwalimu Javan. Naye anamtaka Truphena. Na wiki iliyopita kanunua kamera! Kisirani tu. Hajui hata pa kutazamia.

Jumanne, 4 Agosti

Nikaanza na mama mtu. Nilimkuta Mama Pamela, mama yake Truphena, akitoka mtoni na mtungi kichwani, jua likimpiga ubavuni. Yawa! Picha yenyewe! Nikamwomba abaki vivyo hivyo. Akatua mtungi, akakimbilia nyumbani. Nikangoja saa mbili nzima. Akarudi na gauni la Jumapili, viatu, saa ya mumewe mkononi na mwavuli wa kuazima. Nikamsihi aubebe tena mtungi. Kosa kubwa! Akaniuliza kama nataka watu waseme kwake hakuna nguo. Akaketi kwenye kiti katikati ya mihogo, Biblia mapajani, uso kaukaza. Majirani walipoona, nao wakaenda kuvaa.

Filamu imebaki picha moja. Noordin, mwenye duka kule Homa Bay mjini, anasema nyingine zitafika wiki ijayo. Nimekwisha.

Alhamisi, 6 Agosti

Picha moja, basi nipige moja ya maana. Nikawapanga wazee mbele ya kanisa. Msalaba uko juu kabisa ya paa, na nyuma yangu ua la miiba. Kurudi nyuma, hapana. Ama niingize msalaba, ama niingize miguu ya wazee. Nikafikiri kama Mkristo. Nikachukua msalaba.

Mzee Elijah alikuwa na viatu vipya. Alivipangusa kwa leso mara tatu kabla sijabonyeza. Niliona, lakini sikujali.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimeosha picha jikoni kwa shangazi, mablanketi madirishani. Msalaba safi! Mabati yanang'aa! Mawingu hata malaika angekalia! Nikaipeleka mbio.

Mzee Elijah aliitazama. Akaigeuza nyuma, kutafuta. Akauliza viatu vyake viko wapi. Nikamweleza habari za msalaba. Akasema msalaba anaujua, haujambo, yeye anauliza miguu. Mtu mzima anayekatwa miguu akiwa hai, aliyemkata anamtakia nini? Mama Pamela akaanza kulia, akanikataza kuiacha karatasi hiyo nyumbani mwake.

Picha ya Javan imetundikwa. Kanisa limelala upande, msalaba haumo, mzee mmoja kafumba macho. Lakini viatu vyote vimo, jozi saba! Sina hamu ya kula.

Jumapili, 9 Agosti

Baada ya ibada Truphena alinifuata nyuma ya kanisa. Alikuwa amekasirika. Akaniuliza ni lini alipata kuniomba picha. Akasema ananitaka mimi, amenitaka tangu mwaka jana, na watu wa Javan wanakuja Jumatano saa tano. Jagam wangu akifika kwanza, baba yake atanuna, lakini atamsikiliza, maana mgeni wa posa hafukuzwi mlangoni. Nije mapema. Nisilete kamera.

Ananitaka! Nimeapa mbele yake. Baba mdogo James amekubali kuwa jagam.

Jumatano, 12 Agosti

Filamu zilifika jana. Nikaweka moja kwenye kamera, na kamera kwenye mfuko, ili tu isiachwe peke yake nyumbani.

Tuliondoka alfajiri. Saa moja tulikuwa juu ya kilima, boma la Mzee Elijah liko chini pale, mwendo wa dakika kumi. Nikatazama ng'ambo ya boma. Ziwa lote chini ya ukungu! Ng'ombe wanashuka, moshi wa jikoni umesimama wima! Nikamwambia baba mdogo dakika tano tu. Wingu likaziba jua. Nikangoja. Baba mdogo akanikumbusha mara nne, mwishowe akalala. Wingu lingine. Nikangoja. Jua likatoka, na bomani wanawake wakapiga vigelegele, nikafurahi kwamba picha imepata uhai. Nikabonyeza.

Ndipo nikajiuliza vigelegele vya nini. Ilikuwa saa sita kasoro.

Nilikaa chini nikalia kama mtoto. Baba mdogo aliamka. Aliuchukua mfuko wa kamera, akatangulia kurudi nyumbani.

Jumamosi, 15 Agosti

Posa ya Javan imepokelewa. Truphena alipita mbele ya nyumba ya shangazi na hakugeuka. Moyo unauma, sijui niuweke wapi.

Nimeosha ile picha. Ni nzuri kuliko zote nilizopata kupiga. Boma limo, watu wa Javan wanaonekana wakiingia.

Lakini nimesikia harusi ni Desemba na hawajapata mpiga picha. Kesho nitakwenda kuomba hiyo kazi. Nitampiga Truphena mlangoni mwa kanisa, saa nne, mwanga ukitoka kushoto. Akijiona alivyotoka vizuri, atajua aliyemfaa ni nani. Javan atabaki na suti yake.