Pazia la Bibi na Vikaratasi Arobaini

Jumatatu, 19 Februari 1968

Habari kubwa! Shule ya Matondoni inatafuta mwalimu msaidizi wa kike wa kufundisha Kiingereza. Nafasi moja tu. Mtihani ni Jumamosi hii, wa mdomo, maneno na sarufi. Mtahini ni Bwana Nicodemus, mtu wa bara, ofisa wa elimu aliyewasili jana kutoka Mombasa. Watahiniwa ni wawili: mimi na Esha, niliyemaliza naye shule.

Baba ameweka masharti kabla hata ya kunawa mikono. Nikishinda, nitafundisha. Nikishindwa, nitakwenda Chundwa kukaa na shangazi ambaye mguu unamsumbua. Nampenda shangazi. Lakini nyumbani kwake hamna kitabu chochote ila Msahafu, na huo nimeuhitimu mara mbili.

Tatizo si Kiingereza. Tatizo ni mimi. Mgeni akinitazama, ulimi unakauka. Mwaka jana mkaguzi alipoingia darasani niliinama chini ya dawati kutafuta kalamu. Kalamu nilikuwa nimeishika. Nilikaa huko mpaka alipoondoka.

Lazima ipatikane njia.

Jumanne, 20 Februari

Nimeipata! Imenijia nikipara samaki.

Nitaomba pazia. Bwana Nicodemus akae upande wake, mimi upande wangu. Hatanitazama, kwa hiyo nitaweza kusema. Na kwa kuwa hatanitazama, hataona vikaratasi nitakavyokuwa nimevishona upande wangu, vyenye maneno yote na sarufi yote. Nasoma, najibu, kwisha!

Naandika hapa ili ijulikane: huu si udanganyifu. Ni kumbukumbu, ila imewekwa nje ya kichwa.

Nikamwendea Bibi, mama yake Baba. Nikamwambia, nikiwa nimeinama, kwamba naona haya kukaa uso kwa uso na mwanamume mgeni. Haya naona kweli, kwa hiyo sikusema uongo. Bibi akatokwa na machozi. Akasema mato yake yameona mengi katika nti hii, lakini hakutaraji kuona msichana wa shule mwenye haya. Akajitupia buibui, akaenda mwenyewe kumkabili Bwana Nicodemus. Akarudi na ushindi. Pazia limekubaliwa, na Bibi atakaa nasi kutulinda.

Dosari mbili. Ya kwanza, Esha naye atatahiniwa nyuma ya pazia hilo hilo, na macho anayo. Itanibidi nitangulie kuingia, kisha nivifumue nikitoka. Ya pili, Bibi amepita nyumba saba akisimulia haya zangu. Mama yake Esha amemwambia bintiye ajifunze kwangu. Esha hatanisamehe.

Jumatano, 21 Februari

Bi Wamuyu, mwalimu wetu wa Kiingereza kutoka Nyeri, ameniazima kitabu chake cha sarufi mpaka Ijumaa. Akauliza kama nimeanza kukariri. Nikamjibu sina haja, nina njia bora. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Vikaratasi arobaini! Kila kimoja nimekiandika mara tatu mpaka herufi zikasomeka kwa mbali. Kwa kweli anayekariri anapumzika kuliko mimi.

Kiingereza ni kitu cha ajabu. Kitenzi cha kuogelea kina sura tatu: swim, swam, swum. Nani alikaa akaamua hivyo? Alikuwa ndani ya maji? Na kuna neno la kundi la ng'ombe, jingine la kundi la samaki, jingine la kundi la nyuki. La kundi la punda nimelitafuta kitabu kizima. Halimo. Inaelekea hawana punda wa kutosha. Hapa kwetu neno hilo lingehitajika kila asubuhi.

Kwa maneno ya mahali, yale ya juu na chini na baina, nimechora paka. Paka chini ya kitanda. Paka ndani ya mtungi. Paka baina ya mitungi. Picha ya tisa, paka anaruka ukuta, nimeichora mara nne. Miguu haikutaka kuachana na ukuta.

Bibi ametoa pazia lake la harusi! Upande mmoja maua mekundu yaliyotariziwa kwa hariri, upande wa pili kitambaa kitupu. Nikafikiri. Mgeni huonyeshwa uzuri, hilo halina mjadala. Basi maua kwa Bwana Nicodemus, utupu kwangu. Nimeshona vyote arobaini upande mtupu. Vidole vimejaa matundu.

Alhamisi, 22 Februari

Esha amekuja. Alisema amekuja kuniombea dua. Macho yake yakatua moja kwa moja kwenye vidole vyangu. Mbona vya buluu? Nikasema nilikuwa nikitia mkeka rangi. Akasema mkeka huo lazima umesoma sana.

Kisha akauliza, taratibu kabisa, kama ni kweli nitawafundisha watoto thelathini, mimi ambaye kuku akiingia jikoni namwomba radhi. Akasema mama yake sasa anamtaka ainame kama mimi akipita barabarani, na shingo inamuuma. Akasema nikifika Chundwa nimsalimie shangazi.

Mlangoni akageuka akaniuliza, kama kwa bahati, kitenzi cha kuleta huwaje kikiwa cha jana. Nikamjibu kabla sijafikiri. Nikamtajia na sura ya tatu, na tahajia yake. Akaondoka akinong'ona.

Nimeibiwa! Nyumbani kwangu, mchana!

Ijumaa, 23 Februari

Bibi amelipeleka pazia shuleni baada ya sala. Nilitaka kwenda kulitundika mwenyewe. Akasema msichana mwenye haya hapandi ngazi. Haya hizi zimeanza kunigharimu.

Nimerudisha kitabu. Bi Wamuyu hakunifungulia mlango mpaka nimemjibu maswali kumi. Nilijibu yote kumi, nikitazama kizingiti. Akacheka, akauliza sasa ninaogopa nini. Sikuona faida ya kumweleza. Nimeweza kwa kuwa yeye si mgeni, na ilikuwa leo. Kesho nitakuwa nimesahau yote. Afadhali nina vikaratasi.

Jumamosi, 24 Februari

Balaa. Balaa.

Hatukuingizwa mmoja mmoja kama nilivyodhani. Tulikaa wote watatu kwenye benchi nyuma ya pazia: Bibi katikati, mimi kulia, Esha kushoto. Bwana Nicodemus akaingia upande wa pili, tukasikia kiti. Nikainua macho kutafuta kikaratasi cha kwanza.

Maua! Maua mekundu, juu mpaka chini!

Nikamnong'oneza Bibi, kwa nini? Akaninong'oneza kwamba pazia la harusi hutazama ndani, kwa bibi harusi. Mwanamume wa ndiani, mpita njia tu, ana haki gani ya kuona maua yake? Apewe mgongo. Akanisifu tena kwa vile vikaratasi. Alidhani nimevishona ili mwanga usipenye, tusionekane. Amewaonyesha wanawake wote wa mtaa.

Upande wa pili, sauti ya Bwana Nicodemus, polepole, inasoma. Kikaratasi cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Akacheka kidogo. Bila shaka amefika kwa paka.

Akauliza kwa Kiingereza, nani ametengeneza chombo hiki cha kufundishia? Amezunguka shule za pwani miaka sita hajaona kama hiki.

Nikafumba mdomo. Nikisema ni mimi, ataniuliza kilikuwa cha nini. Esha akanitazama. Akatazama vidole vyangu. Akasema, kwa Kiingereza safi, kwamba ni yeye.

Vizuri sana, akasema Bwana Nicodemus. Basi na amfundishe picha ya tisa, kana kwamba yeye ni mtoto wa darasa la pili.

Esha hajaiona picha ya tisa maishani mwake. Akasema ni picha ya mtoto. Bwana Nicodemus akasema yeye anaona mkia. Esha akasema ndiyo, ni mtoto wa paka. Anafanya nini? Amelala. Mbona miguu iko hewani? Amelala vibaya.

Nilivumilia. Wallahi nilivumilia. Lakini alipoambiwa kuna ukuta, akasema paka amelala juu yake, akatumia on, lile neno la kitu kilichotua juu ya kingine. Siyo! Paka wangu anapita juu ya ukuta bila kuugusa, na hilo lina neno lake, over, na nimechora mara nne!

Sauti ikatoka. Sikujua ni ya nani. Ilikuwa kubwa. Ilisema kwa Kiingereza hapana, samahani, hapana, na ikaeleza picha ya tisa, kisha ya kumi, kisha vitenzi. Nikajikuta nimesimama juu ya benchi nagonga maua kwa kidole, kwa kuwa nakijua kila kikaratasi kiko nyuma ya ua gani. Bwana Nicodemus akauliza, nikajibu. Akakosea makusudi, nikamkemea. Nimemkemea ofisa wa serikali! Nikamwambia arudie, akarudia. Bibi hakuelewa hata neno moja. Kila nikipumua anasema mashallah.

Tulipofika cha arobaini, akauliza kwa Kiswahili, basi Bi Saadiya, kwa nini ulivishona huku kwangu?

Sijui kudanganya nikiulizwa. Nikamwambia vilikuwa vyangu vya kuchungulia, pazia limegeuzwa.

Akauliza, haya yote uliyonieleza sasa hivi umeyachungulia wapi?

Nikamjibu hakuna pa kuchungulia, Bwana, huku ni maua matupu.

Akakohoa kwa muda. Akasema atafikiri, ataandika barua. Esha akalia. Mimi nikalia kumshinda. Bibi akatugawia leso moja.

Alhamisi, 29 Februari

Barua imefika. Baba aliisoma mara mbili akiwa amesimama.

Bwana Nicodemus anasema hawezi kumpa kazi mtu aliyekuja kuchungulia. Vilevile hawezi kumnyima kazi mtu aliyemfundisha saa nzima. Kwa hiyo nitahiniwe upya, Jumatano tarehe 13 Machi, kwa kuandika. Maneno na sarufi, maswali hamsini. Nikipata arobaini, Matondoni. Nisipopata, Chundwa. Bila pazia. Bila karatasi yoyote ila atakayonipa yeye. Bi Wamuyu atakuwepo chumbani badala ya Bibi.

Vikaratasi vyangu amevichukua, awaonyeshe walimu wa Mombasa. Vyote! Sasa nitafanyaje? Bi Wamuyu anasema sihitaji hata kimoja. Ana moyo mzuri, lakini haoni hatari.

Esha ameambiwa ajaribu mwakani. Alikuja kuniomba radhi, akaniomba pia nimchoree paka wa tisa. Nilimchorea. Akamgeuza huku na huku, akasema hata sasa anaona amelala.

Jumamosi, 9 Machi

Kesho Idi! Na nimepata njia nyingine!

Hina. Wasichana wote wanapaka hina Idi. Nani atamkagua msichana kiganja? Na hina haikukatazwa popote katika barua, nimeisoma tena. Imekatazwa karatasi.

Bibi amenichanganyia, nami nimejipaka mwenyewe kiganja cha kushoto kwa ncha ya kijiti. Herufi ndogo ndogo. Bibi akauliza hayo maua ni ya namna gani. Nikasema ya Mombasa. Akasema Mombasa wameharibikiwa.

Kulikuwa na shida moja. Nilitaka kuandika maneno nisiyoyajua. Nikakaa, nikafikiri asubuhi nzima, na kila neno lililokuja nilikuwa nalijua. Hata yale magumu. Ni bahati mbaya iliyoje! Mwishowe nikaandika ninayoyajua, ili kiganja kisikae bure.

Imekolea vizuri. Inasomeka kutoka mlangoni.

Alhamisi, 14 Machi

Jana. Acha niandike kwa utaratibu.

Dawati katikati ya chumba. Bwana Nicodemus mbele, Bi Wamuyu dirishani. Mara ya kwanza namwona sura. Mfupi, ana miwani, naye alionekana kunionea haya mimi. Akasema Idi njema. Nikafumba ngumi ya kushoto. Akasema hina yangu imetoka mpaka kwenye vidole, nzuri. Nikaikalia.

Niliikalia ngumi hiyo saa moja na nusu. Sikuthubutu kuifungua hata mara moja, maana Bi Wamuyu alikuwa akinitazama na kutabasamu. Mkono ukafa ganzi. Swali baada ya swali niliandika kwa ule wa kulia, nikingoja nafasi ya kuchungulia. Nafasi haikuja. Karatasi ikaisha.

Akasahihisha pale pale, kalamu nyekundu. Arobaini na sita kati ya hamsini!

Matondoni! Jumatatu naanza. Baba amenunua chaki boksi zima, kana kwamba Matondoni hawana. Shangazi ametuma salamu kutoka Chundwa kwamba mguu umepata nafuu na nisijisumbue.

Leo nimekaa na kuyapima yote kwa makini, kwa sababu mwalimu lazima ajue kitu kimefaulu kwa nini. Manne niliyoyakosa nimeyatafuta kiganjani. Hayamo hata moja! Yale yaliyokuwa kiganjani nimeyapata yote. Basi ushahidi upo wazi, na asiyeuona hataki. Hina inafanya kazi hata ikiwa imefumbwa. Pengine inapenya kwenye damu.

Bi Wamuyu ameniambia mtihani wa cheti cha ualimu ni Novemba, nao una maswali mia mbili. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nina mikono miwili na miguu miwili.