Lengelenge Kabla ya Ubatizo

Jumanne, 9 Mei
Saa moja asubuhi mdomo wa juu uliwasha. Saa tisa lengelenge hili hapa, kubwa kama dengu. Chanzo nakijua: jana mke wangu Desanka alifungua madirisha mawili yanayotazamana. Upepo wa namna hiyo huua watu! Na Jumapili nasimamia ubatizo wa binti wa Obrad, mwenye wiki sita. Tangu enzi za babu, watoto wa nyumba ile husimamiwa na sisi. Jirani yangu Vukoman anaimezea mate heshima hiyo. Asijue.

Jumatano, 10 Mei
Nimeenda duka la dawa. Nikasema namuulizia rafiki. Mfamasia Bisenija akanitazama mdomoni, akasema basi nimwambie rafiki huyo upepo hauhusiki. Ni virusi, hulala kwenye neva miaka na miaka, huamshwa na uchovu, jua au wasiwasi. Apake krimu mara tano kwa siku, anawe mikono, asilitumbue. Na asithubutu kumbusu mtoto mchanga: mtoto anaweza kufa.
Msomi huyo! Krimu nilinunua kwa adabu tu. Nyumbani nimelitumbua, nikapaka rakija, pombe yetu kali ya matunda, na kitunguu saumu. Kwa yowe nililopiga, Desanka aliuliza nani anachinjwa.

Alhamisi, 11 Mei
Yamekuwa matatu. Mpango: Vukoman naye augue. Nilimwalika kahawa, nikamkalisha kati ya mlango na dirisha, vyote wazi. Saa mbili nzima! Alisifu hewa. Akauliza mdomo umepatwa na nini. Supu ya moto, nikasema. Akasema bwana, supu hiyo ilikuwa na meno.

Jumamosi, 13 Mei
Vukoman mzima kama ng'ombe. Mimi nina mafua.

Jumapili, 14 Mei
Poda ya Desanka, tabaka tatu. Kanisani nilimpokea mtoto vizuri kabisa. Kisha nikapiga chafya. Poda ikaruka, ukweli ukabaki. Obrad akaninong'oneza: ndugu yangu Tihomir, nakuheshimu, lakini ukimgusa mwanangu kwa mdomo huo nakung'oa meno. Akamchukua, akampa Vukoman. Mbele ya kijiji kizima! Vukoman alilia kwa furaha, mnafiki.

Jumatatu, 15 Mei
Nimeanza kufuga masharubu. Ya kufunika mdomo wote yanahitaji miezi minne. Mtoto wa pili wa Obrad, akifanya haraka sana, anahitaji tisa. Muda ninao.