Mjane wa Mchoraji Ambaye Hakuzaliwa

Tabasamu hakuingia kwenye jumba la sanaa kufuata sanaa. Alifuata vitafunio. Mlangoni palikuwa na tangazo kwamba jumba limefunguliwa tena baada ya ule ugonjwa uliotufungia sote ndani, na kwamba wageni wangepewa "viburudisho vyepesi". Yeye tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni isipokuwa maneno yake mwenyewe.

Ndani alikuta watu wenye nafasi zao wamejaa tele, wanasifia kila kitu na kuulizia bei. Miaka miwili walikuwa wakitazama michoro kwenye simu na kusikiliza bendi zinazokatakata kwa sababu ya mtandao, kwa hiyo walikuwa na njaa kubwa kuliko yake. Mama mmoja alisimama mbele ya mtungi wa kuzimia moto akasema, "Wekundu huu! Nilikuwa nimeusahau." Hakuna aliyemcheka. Kila mmoja alihofia kwamba pengine asiyeelewa ni yeye.

Lakini kilichomsimamisha Tabasamu, sahani mkononi, ni sakafu. Mbele ya kila mchoro, hatua chache kutoka ukutani, palikuwa na utepe wa njano uliobaki tangu siku za kuachiana nafasi. Na watu wote walisimama nyuma yake, wamenyoosha shingo kama wanaochungulia kisima.

"Samahani, mzee," alimuuliza mlinzi, "bado hairuhusiwi kusogea?"

"Amri iliondolewa zamani. Gundi ndiyo imekataa."

"Sasa mbona hawasogei?"

"Miguu yao haijaambiwa," mlinzi akasema, akaendelea kuchokonoa jino.

Tabasamu akaacha kutafuna. Yaani mtu ananunua kitu bila kukisogelea, na bado anajiona mstaarabu! Kwa mtu wa kazi yake ilikuwa sawa na mkulima kuona mahindi yanajivuna yenyewe na kupanga foleni kwenda ghalani.

Ni haki tumhurumie kidogo. Ugonjwa ule ulimtesa kila mtu, lakini Tabasamu ulimtesa kitaalamu. Mtaji wake wote ulikuwa cheko moja pana, la kuaminika, lililokwisha kuuza kiwanja kimoja kwa watu wanne, na gari lisilo na injini kwa mwalimu wa udereva. Kisha zikaja barakoa. Cheko likafunikwa, biashara ikafa, mwenye biashara akahamia kwenye kochi la dada yake. Kochi hilo kwa bahati mbaya lilikuwa na mume, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache.

"Shemeji," fundi alikuwa amemwambia juzi, "masoko yamefunguliwa."

"Tunashukuru, shemeji."

"Shule zimefunguliwa. Mipaka imefunguliwa."

"Tunashukuru sana."

"Basi na kochi langu nalo nataka lifunguliwe. Mwisho wa mwezi."

Kwa hiyo Tabasamu alihitaji chumba chake, kitanda chake na mlango ambao hakuna shemeji nyuma yake. Utepe wa njano ulimwonyesha njia.

Michoro aliipata kwenye kiwanda cha uchapaji. Kulikuwa na marundo ya kalenda za mwaka ule ambao hakuna aliyekwenda popote wala aliyetaka kujua ni tarehe ngapi. "Beba zote," mchapaji akamwambia, "huo mwaka hata mimi sitaki kuuona." Tabasamu akakata tarehe kwa mkasi, akabakiza picha: maua, farasi, ziwa, jua likizama. Akazipaka vanishi, akazitia kwenye fremu nzito za dhahabu ya uongo. Ukiwa karibu, ilikuwa kalenda. Ukiwa nyuma ya utepe, ilikuwa kipaji.

Mchoraji mwenyewe ilibidi awe marehemu. Mchoraji hai ana kasoro moja kubwa: anaweza kuulizwa maswali. Na marehemu mwenye heshima zake huacha mjane.

Mjane alimkuta akianika nguo uani kwake. Mjini walimwita Mama Machozi, maana kabla ya ugonjwa alikuwa mwigizaji wa jukwaani, na hakuna aliyeweza kulia kama yeye: jicho moja likianza, la pili likisubiri zamu yake. Tangu kumbi zifungwe alikuwa halii isipokuwa kwa kitunguu.

"Ukumbi upi?" akauliza, baada ya kuelezwa.

"Ule ule wenu, dada. Nimeuazima kwa alasiri moja."

Mama Machozi akaacha nguo. "Unajua mwezi ujao unakuwa ghala? Mwenye ukumbi amekubaliana na Tajiri wa Magodoro. Jukwaa letu, kaka! Pale walipokuwa wakicheza watu, yalale magodoro!"

"Inauma sana," Tabasamu akasema, kwa uso uliokwisha kusema hivyo mara nyingi.

"Na muziki? Nani anapiga?"

"Nina redio ya shemeji."

"Redio!" Mama huyu alimtazama kana kwamba amemtukania wazazi. "Watu wamekaa miaka miwili wakisubiri kuona tarumbeta kwa macho yao, wewe unawapa redio?"

"Nani atajua? Tunatundika nailoni mbele ya jukwaa, tunasema ni ya afya. Watu siku hizi ukiwaambia ni ya afya wanashukuru na kurudi nyuma."

Mama Machozi akakung'uta shuka. Akafikiri. "Sawa," akasema taratibu. "Ila hiyo nailoni iwe nzito. Isionyeshe kitu kabisa."

Tabasamu akafurahi kupata mshirika anayejali kazi. Akamfundisha namba ya simu ya kutaja wakati wa malipo, laini mpya aliyoinunua kwa ajili hiyo, ambayo yeye mwenyewe angekaa nayo mfukoni, kifuani, imewekwa itetemeke tu.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Wageni waliingia wakinusa hewa ya ndani kama watu waliofika ufukweni, wakasalimiana kwa viwiko, wakajipanga nyuma ya utepe mpya aliobandika Tabasamu, siku hiyo meneja wa marehemu, kwa mikono yake. Katikati, juu ya kiti, alikaa Mama Machozi na nguo nyeusi. Machozi yalikuwa yanashuka kwa mpangilio.

Daktari wa Meno alikuwa akiwaeleza wenzake juu ya picha ya farasi. Mkasi wa Tabasamu ulipitia kombo hapo, ikabaki 31 ndogo pembeni.

"Mnaiona hiyo namba? Hiyo ni kilio. Anahesabu siku za kufungiwa ndani."

"Na farasi?" mkewe akauliza.

"Farasi ni sisi."

Mkewe akamtazama farasi kwa heshima mpya.

Tajiri wa Magodoro yeye alimvuta Tabasamu pembeni, akateremsha sauti. "Kijana, huyu mama anajua thamani ya hivi vitu?"

"Hajui kabisa, mzee. Angejua angelia hivi?"

"Basi asiambiwe. Mimi namchukulia vyote kabla hajapata mshauri. Mjane ni mtu wa kusaidiwa haraka." Kisha macho yake yakawa madogo. "Lakini nalipa kwa nani? Kwako?"

Hapa ndipo ustadi hupimwa. Tabasamu akarudi nyuma hatua moja, mkono kifuani, cheko lake likatoka lote baada ya likizo ya miaka miwili.

"Kwangu? Mzee wangu! Mimi nisiguse hata senti moja! Hata ukichukua vyote, kila senti iingie kwenye simu ya mjane, moja kwa moja, mbele ya watu wote."

Alilisema kwa sauti, wakasikia. Wakavutiwa. Daktari wa Meno, kusikia kwamba Tajiri anachukua vyote, alikuwa ameshatoa simu yake. Hakutaka farasi amponyoke. Wengine wakafuata, bei ikapanda yenyewe. Mama Machozi akaombwa ataje namba, naye akaitaja, kwikwi baada ya kila tarakimu.

Tabasamu alisikiliza tarakimu zikipita mbele yake kama msafara wa wageni. Hakumjua hata mmoja wao. Simu za wanunuzi zilikuwa zinalia tik, tik, tik kuonyesha malipo yamekwenda, na ya kifuani mwake imetulia kama jiwe.

Akainama kwenye sikio la mjane. "Dada, umekosea namba."

Mama Machozi akapandisha kilio nusu ngazi. "Jamani, mnasikia? Meneja ananisahihisha namba ya simu yangu mwenyewe!"

Ukumbi mzima ukamgeukia Tabasamu.

"Mwache mama amlilie mumewe," Daktari wa Meno akasema kwa ukali.

Angesema nini? Kwamba huyu si mjane? Basi na marehemu angekufa mara ya pili, na kalenda zingefufuka. Akacheka cheko lake. Halikumsaidia.

Ndipo muziki ukaanza nyuma ya nailoni. Gitaa, ngoma, kisha tarumbeta. Tabasamu alimshukuru shemeji kimoyomoyo kwa redio nzuri kiasi kile, mpaka redio ikakohoa. Ikakohoa tena. Kisha ikasema, "Samahani wenzangu, mapafu yameota kutu, tuanze upya," na redio nyingine tatu zikacheka.

Nailoni ikaanguka. Bendi ya zamani ya ukumbi ule ilikuwa imesimama pale, kwenye suti zilizowabana matumbo kwa sababu ya miaka miwili ya kukaa nyumbani. Wageni kwanza wakainua simu watazame kupitia kioo, kwa mazoea. Mzee mmoja akapapasa ubavu wa kiti akitafuta pa kuongeza sauti, akakumbuka, akaona haya. Halafu tarumbeta ikapanda juu, ile sauti ambayo huisikii masikioni tu bali kwenye mbavu, na simu zikashuka moja moja. Mama wa mtungi wa moto ndiye wa kwanza kuruka utepe. Wakamfuata wote, wakaipa michoro mgongo, wakacheza. Tajiri wa Magodoro alikuwa anacheza amefumba macho, na mtu angesema ana miaka ishirini. Hata mimi ningekuwepo ningecheza, na sijui kucheza.

Wimbo ulipokwisha, Mama Machozi akapanda jukwaani.

"Ndugu zangu, marehemu aliniusia jambo moja. Kila kitakachopatikana leo kilipie kodi ya ukumbi huu, bendi ipige kila Jumapili, na usigeuzwe ghala la vitu." Akamgeukia Tajiri, machozi yakielea pasipo kudondoka. "Na mnunuzi wake mkubwa ni huyu baba hapa!"

Makofi yalikuwa ya kuangusha paa. Tajiri alifungua mdomo, akatazama huku na huku, akaona amezungukwa na sifa pande zote.

"Magodoro," akasema, "yatapata pa kulala kwingine."

Kalenda zote ziliondoka siku hiyo zimefungwa kwa blanketi, na tangu hapo hakuna aliyelalamika. Waliokuja kuzisogelea walinyamaza. Nani atakwenda kutangaza kwamba amenunua mwezi wa pili?

"Na sasa," Mama Machozi akaendelea, "tumsikie meneja wetu, ambaye nyote mmemsikia akikataa kugusa hata senti moja."

Mikono ikamsukuma Tabasamu mpaka mbele. Akasimama chini ya taa. Akawatazama wale watu waliofurahi, akaiona simu mkononi mwa mjane, akaliona kochi, na juu ya kochi akamwona shemeji akihesabu siku. Akataka kucheka, mdomo ukamgomea.

"Mimi," akasema, "nilikuwa na mipango..."

Sauti ikakatika. Chozi la kweli likamtoka, la kwanza tangu utotoni, na nyuma yake yakaja mengine bila utaratibu wowote.

"Mnaona?" mke wa daktari akanong'ona. "Huyo sanaa imemwingia."

Watu wakasimama. Wengine walikuwa wanalia naye. "Tena!" mmoja akapiga kelele. "Tena! Tena!" Mama Machozi akamsogelea, akampa kitambaa, akamnong'oneza kama mtu wa kazi kwa mtu wa kazi:

"Inua uso kidogo, kaka. Wa nyuma hawaoni."