Miche Yangu Haijatimiza Arubaini

Bi Nana Abdillahi,
Kisauni.

Kwa Bwana Mkuu wa Kilimo,

Baada ya salamu, na kukuombea afya wewe na wote walio chini yako isipokuwa mmoja, nakuja kumshtaki afisa wako, Bwana Ziro.

Nimeiahidi madrasa yetu miche kumi na miwili ya miembe. Watoto wanasoma uani, jua la utosi, na juzi mjukuu wangu Safa alianguka kwa kizunguzungu. Nimeumia sana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bwana Ziro aliikuta miche chumba cha ndani, pazia limeshushwa. Nikamweleza kwamba haijatimiza siku arubaini. Akacheka! Nimelea watoto saba, na hakuna aliyetolewa nje kabla ya arubaini yake.

2. Aliniamuru niizoeze jua la asubuhi, kidogo kidogo. Ati jani changa hujitengenezea kinga: huwa jekundu ili lipunguze makali ya jua, na huning'inia ili la saa sita lisilipige usoni. Ukiuficha mche, ati, haujifunzi. Bwana Mkuu, kwetu mtoto akiwa mwekundu na amelegea hukimbizwa hospitali.

3. Aliposikia kwamba kila jani nalipaka liwa, ule msandali wa kusaga, kama tunavyowapaka mabibi harusi, alikaa kitako akashika kichwa. Amesomea wapi huyu, hata liwa haijui?

4. Ikiwa kiumbe kichanga hujitengenezea dawa ya jua, naomba Bwana Ziro, ambaye bado kijana, asimamishwe kwenye machimbo ya Bamburi saa saba mchana, bila kofia, hadi awe mwekundu. Akishindwa, ahamishwe. Akifaulu, ahamishwe pia, maana atakuwa anatisha watu.

Nisalimie mkeo, watoto, na makarani wote mpaka anayefungua lango.

Mimi mwenye uchungu,
Bi Nana.

Tanbihi: Barua hii ilikaa siku tisa ikingoja wa kuileta. Katika siku hizo, arubaini ilitimia, nikaipanda miche kumi na mmoja pale madrasa. Kufikia Ijumaa majani yote yalikuwa yameungua, meupe kama karatasi. Wa kumi na mbili paka aliuangusha nje ya dirisha zamani, nikausahau kulekule nje, nyuma ya jiko. Huo ni mwekundu, umelegea, na unachipua kwa furaha. Lakini mwembe mmoja hautawafunika watoto thelathini. Tafadhali mlete Bwana Ziro kesho asubuhi, na umwambie kuwa Bi Nana, aliye sawa na bibi yake, anampa shikamoo.